Maziwa Kwenye Friji ya Maabara

Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama maabara, kidole kinatoka damu, na kioo kidogo mezani kinaniambia kwamba mimi si mimi.

Msomaji mmoja wa Omurushaka amenitumia ujumbe: "Kaka Abdillah, hivi wewe ni mtu wa aina gani?" Sijamjibu. Akisoma ya leo atajua mwenyewe, na sidhani kama atanisalimia tukikutana sokoni.

Kwa aliyepitwa nitasema haraka haraka, maana hata mimi kuyarudia yananichoma.

Mimi ni mpimaji wa maabara katika hospitali moja huku Karagwe. Muhangi, mfugaji wa Bweranyange, alimleta mwanawe Asiimwe akiwa hana damu mwilini, malaria imemmaliza. Nikampima mtoto, kundi B. Akawekewa damu, akapona.

Baba mtu kwa furaha akaniletea dumu la maziwa. Maziwa ya shukrani kwa watu wale hayakataliwi. Ukiyakataa umemtukana mtu pamoja na ng'ombe wake.

Ilikuwa Ijumaa, adhana imeshaadhiniwa, mimi nakimbilia msikitini. Friji ya karibu ilikuwa ile ya dawa za kupimia damu. Nikazitoa dawa, nikaziweka mezani kando ya chombo cha kuchemshia vifaa, nikaingiza maziwa. Nikajiambia nikitoka kuswali nitazirudisha.

Nilirudi kweli. Nikachukua maziwa, nikaenda zangu harusini Nkwenda. Dawa nikaziacha pale pale kwenye joto hadi Jumatatu.

Jumatatu Muhangi akaja kutoa damu, kurudisha ile aliyowekewa mwanawe. Nikampima, O. Akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mtoto ni B, mimi O, na mama yake kwenye kadi ya kliniki wameandika O. Inakuwaje?"

Nikacheka. Nikamwambia, "O na O hawazai B, kaka. Kamuulize mama mtoto."

Wiki haikuisha. Ruth, mke wa Muhangi, akarudishwa kwa baba yake Ihembe, mtoto mgongoni. Niliposikia, nikazikumbuka zile dawa nilizoziacha mezani. Nikakitafuta kile kichupa cha dawa nilichotumia Jumatatu, nikajitoboa kidole, nikajipima. Mimi ni B tangu sekondari. Kichupa kikasema O.

Basi twende.

"Joyness," nikaita. "Njoo uone kitu."

Joyness ndiye mkuu wa maabara yetu, mama mtulivu ambaye akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Akaja, akainamia kioo. Tone la damu yangu lilikuwa limechanganyika na dawa ya njano, ile ya kupimia B, limetulia tu, laini, halijashikana hata kidogo.

"Damu ya nani hii?"

"Yangu."

"Si wewe ni B?"

"Ndiyo."

Akafungua friji, akatoa kichupa kipya, akatia tone. Damu ikashikana papo hapo, ikawa vipande vipande kama maziwa yaliyokatika.

"Hiki cha zamani kimekufa," akasema. "Kilikuwa kimekaa wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Wallahi nilishaufungua mdomo kusema sijui.

"Pale," nikaonyesha meza. "Tangu Ijumaa."

"Nani alikitoa kwenye friji?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naweka maziwa."

Akakiweka kile kichupa mezani, taratibu. Angenitukana ningemshukuru.

"Na asubuhi ya Jumatatu hukuijaribu dawa kabla ya kumpima mtu?"

Kila asubuhi, kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti, tunatakiwa kuijaribu dawa kwa damu tunayoijua kundi lake. Ni kazi ndogo. Ndiyo maana tunairuka.

"Sikuijaribu."

Sauti yake ikashuka zaidi. "Ulimpima nani na nani kwa hiki?"

"Muhangi peke yake. Kesho yake tulifungua boksi jipya."

"Na damu aliyotoa iko wapi?"

Siku zote hizo nilikuwa nawaza ndoa ya watu, kumbe kuna mfuko wa damu umeandikwa O kwa mkono wangu, na ndani yake huenda ni B. Mtu wa O akiwekewa damu ya B anaweza kufa kitandani huku nesi anamwongezea blanketi akidhani ni baridi tu.

Tulikimbia benki ya damu. Mfuko ulikuwepo, haujaguswa. Nikaketi sakafuni na koti langu jeupe, nikashindwa kuinuka.

Joyness akachukua damu kidogo kutoka kwenye mpira wa ule mfuko, akapima kwa dawa mpya. Akapima tena. Kisha akanigeukia.

"Muhangi ni B. Mtoto ni B. Yule mama hana kosa lolote, Abdillah."

"Hana."

"Mambo ya kazi nitamweleza mganga mkuu mimi, na yatakufika, usidhani hayatakufika. Lakini yule mama umemwacha wapi?"

Nikampigia Muhangi. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia mke wangu Kauthar, maana duka letu la vitenge liko pale barabarani Kayanga, na hakuna habari inayopita Karagwe bila kusimama pale kwanza.

"Hujasikia?" Kauthar akaniambia. "Leo ndiyo wanarudisha ng'ombe wa mahari. Mzee Hategekimana, baba yake Ruth, ameondoka nao Ihembe alfajiri. Mama mmoja hapa dukani kanieleza, wale ng'ombe wakishaingia zizini kwa baba yake Muhangi, mzee Mwebesa, na wakafungiwa, ndoa imekwisha. Hata mtoto hatatajwa tena kwenye ule ukoo."

"Kauthar, yule mama hana kosa. Ni mimi."

Nikamsikia anamwambia mteja angoje.

"Ni wewe umefanya nini?"

"Nilikosea kipimo. Nitakueleza nikirudi."

"Usirudi," akasema. "Nenda ukawaambie wao kwanza, ndipo urudi hapa."

Akakata simu.

Nikachukua bodaboda. Njia nzima natunga maneno. Samahani wazazi wangu. Kulitokea hitilafu. Neno hitilafu lilinipendeza sana, nikalirudia rudia, maana hitilafu haina mwenyewe. Dereva akaniuliza kama naongea na yeye.

Bweranyange niliwasikia ng'ombe kabla sijawaona. Mimi ni mtoto wa dukani, babu yangu alikuja huku kutoka Pangani na mizigo ya chumvi na nguo, ng'ombe nawajua kwenye sahani. Wale walikuwa wamejaa uani, pembe ndefu, wanahema. Nikatazama zizi. Miti ya mlangoni ilikuwa bado imefungwa. Alhamdulillah, hawajaingia.

Mzee Hategekimana alikuwa amesimama kando yao ameegemea fimbo, kofia mkononi. Ruth alikuwa kwenye mkeka, Asiimwe mapajani. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba baba yake ndiye aliyetaka aje. Alisema ng'ombe watarudi, ila binti yake aambiwe kosa lake usoni, mbele ya watu.

Muhangi alikuwa amekaa mbali na wote, anachora chini kwa kijiti. Alikonda yule mtu. Alikonda mpaka shati lilikuwa si lake.

Aliyeniona kwanza ni mama yake, Mama Therese.

"Huyo hapo," akasema, akaja kunipokea kwa mikono miwili. "Huyu ndiye kijana wa maabara aliyetufumbua macho. Karibu, waitu, ndugu yetu. Mleteeni kiti."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Bila wewe tungelea tusichokijua."

Nikaketishwa pembeni ya mzee Mwebesa mwenyewe, baba yake Muhangi. Nikamwamkia, akanipa mkono. Kikombe cha maziwa kikaletwa. Watu wote wakanisubiri ninywe, nami nikanywa funda moja, nikakiweka kikombe chini.

Jamani, kutukanwa nimezoea. Wagonjwa hututukana kila siku. Kuheshimiwa kwa ubaya uliomtendea mtu, tena yeye amekaa pale pale anakutazama, hilo sikuwahi kulionja.

"Umekuja kushuhudia?" mzee Mwebesa akaniuliza.

"Nimekuja na neno, mzee. Naomba ng'ombe wasiingizwe kwanza."

"Sema."

"Kuna hitilafu imetokea. Umeme wetu, mnaujua. Unakatika. Dawa zikapata joto. Kipimo cha Muhangi hakikuwa sahihi."

Ndiyo, nilisema umeme. Nawaandikia nyinyi ukweli, kwa hiyo na hilo liandikwe. Nilikuwa nimefika mpaka pale, nimeona wale ng'ombe na yule mtoto, na bado nikausingizia umeme.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Mwebesa akaniwekea mkono begani. "Umeme si kosa lako, mwanangu."

Huo mkono ndio ulionishinda. Ungekuwa kofi ningeendelea na uongo wangu mpaka mwisho.

"Si umeme," nikasema. "Mzee, naomba uondoe mkono. Si umeme. Ni mimi."

Nikawaeleza yote. Nikaeleza friji, nikaeleza dumu, nikaeleza harusi ya Nkwenda. Nikaeleza kwamba nilirudi nikayakumbuka maziwa, dawa nikazisahau. Nikaeleza kwamba asubuhi ile nilitakiwa kuijaribu dawa na sikuijaribu. Nikasema leo tumempima Muhangi upya kwa damu aliyotuachia, na Muhangi ni B, kama mwanawe.

Muhangi akainua kichwa.

"Maziwa gani?"

"Yale uliyoniletea."

"Yangu mimi?"

"Ndiyo."

Akakivunja kile kijiti. Halafu akaanza kulia, mwanaume mzima, bila kujifunika uso. Alisema kitu kwa Kinyambo, lugha ya kwao, ambacho sikukielewa, na hakuna aliyenitafsiria.

Mzee Hategekimana akavaa kofia yake. "Binti yangu amelala kwangu siku zote hizi hali chakula," akasema, hakunitazama mimi, aliwatazama wenye nyumba. "Mama yake mzazi ameogopa kwenda kanisani. Sasa mnasema ni maziwa."

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele ya mkeka wa Ruth. Kwa mila za kwao sijui kama inafaa, kwetu mwanaume kumpigia magoti mke wa mtu ni jambo la kusimuliwa, lakini nilipiga.

"Dada Ruth, nimekukosea. Sina la kujitetea."

Ruth ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake ndogo pia. Hakulia. Alimvuta mtoto karibu.

"Nataka kuuliza kitu kimoja," akasema.

"Uliza, dada."

"Muhangi aliniambia ulipompa majibu ulicheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nimesoma chuo, naweza kumweleza mtu damu inavyoshikana na dawa inavyokufa. Hilo la kucheka sikuwa na jibu lake la kitabuni.

"Nilikuwa najionyesha," nikasema. "Nilijua kitu ambacho yeye hakijui, nikajisikia mkubwa."

"Basi ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu akagundua ameshafika nyumbani. "Sawa," akasema. "Umesema. Inuka, wewe ni mgeni."

Nikainuka. Ninaona aibu kuisema furaha niliyokuwa nayo, lakini nilikuwa nayo. Muhangi alikuwa ameshasogea mpaka ukingoni mwa mkeka, hajathubutu kukaa. Asiimwe akamnyooshea mkono. Hata Mama Therese alikuwa ameinamisha macho, anaikunja na kuikunjua ncha ya khanga. Yeye ndiye aliyemfungia Ruth nguo kwenye furushi na kulitupa nje, kila mtu pale alijua.

"Ruth," akasema kwa shida. "Mwanangu. Mimi nilisema maneno."

"Ulisema, mama."

"Nilisema mwanamke anayeleta mtoto wa nje akamlee huko huko nje."

"Ulisema hivyo."

Mama Therese akaishika tena ncha ya khanga. Nikadhani ni aibu ya mama mkwe. Sote tulidhani hivyo.

Mzee Mwebesa akakohoa kidogo. Ni mzee wa taratibu, wa kutaka kila jambo alielewe mpaka mwisho wake kabla hajalifunga. Laiti angekuwa mzee wa haraka.

"Mwanangu Abdillah, nimekusikia, na mbele ya watu wote nasema ng'ombe hawaingii. Hategekimana atarudi nao, na sisi tutamfuata kwake kuomba radhi inavyotakiwa. Lakini nieleze kitu kimoja nikielewe. Hiyo B ya mjukuu wangu imetoka kwa Muhangi."

"Ndiyo, mzee. Kwa Ruth haiwezi kutoka, yeye hanayo."

"Na hiyo ya Muhangi imetoka wapi?"

Nikajibu upesi. Ninyi mnaonisoma mnanijua sasa, kujibu upesi ndiyo ugonjwa wangu. Nilitaka Ruth asafishwe asibakiwe hata na doa, nilitaka pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba labda.

"Kwako, mzee, au kwa mama. Mmoja wenu lazima awe nayo. B haiokotwi njiani."

Mzee akatabasamu. "Mimi ni O," akasema. "Nilipimwa nikiwa jeshini, JKT. Na mama yake Muhangi, alipopasuliwa kumtoa binti yetu wa mwisho, mimi ndiye niliyemtolea damu. Daktari wa Kizungu alitupima wote wawili mezani pale pale, akasema tuna bahati, mume O, mke O. Damu yangu imo mwilini mwake mpaka leo."

Ilionekana hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi kwenye nyumba ile, na watu wameizoea. Aliisema kwa fahari, huku anamtazama mkewe. Kisha tabasamu likaanza kumtoka usoni. Mimi niliona linavyomtoka, maana nilikuwa karibu naye kuliko wengine.

Ruth ndiye aliyeelewa kwanza. Akasimama na mtoto.

"Baba, mgeni hajamaliza maziwa yake," akamwambia mzee Mwebesa. "Ng'ombe nao wana kiu. Haya mambo ya damu yaishe, tumechoka nayo."

Alisema kwa haraka. Yule yule aliyetupiwa furushi nje, alikuwa anajaribu kumfunika mama mkwe wake.

Mzee hakumsikia. "Wewe ulimwambia mwanangu O na O hawazai B. Hiyo bado ni kweli, au nayo iliharibikia mezani?"

Nikatafuta pa kupitia. Labda zamani walikosea, kama nilivyokosea mimi. Labda mama alikuwa B siku zote akawekewa damu ya O, na damu ya O humfaa kila mtu. Yote hayo yanawezekana, na ningeyasema kwa kiapo. Nikamtazama Mama Therese ili nimpe nafasi ya kulidaka mojawapo.

Hakulidaka. Uso wake ulikuwa umepoa, mikono imeacha kuikunja khanga.

Muhangi naye alikuwa anamtazama mama yake.

"Mzee," nikaanza, "vipimo vya zamani..."

"Usimdanganye," Mama Therese akanikata. Hakupaza sauti. "Ruth, kaa chini, mwanangu, usihangaike kwa ajili yangu. Nilimfukuza mtoto wa watu kwa jibu la huyu kijana, na nililipenda lile jibu. Mjibu mzee, Abdillah. Mwambie, kisha mniache na mimi niseme."